Tundu la simba, na simba asiye na tundu

Simba hana tundu. Fisi analo, mbwa mwitu analo wakati wa kulea, ngiri hulala katika shimo lililochimbwa na muhanga, hata nungunungu ana pa kurudi kukipambazuka. Simba hujilaza pale kivuli kilipomkuta. Ukimwendea nyumbani kwake humkuti, maana nyumba hana. Hata hivyo Kiswahili kina msemo ambao hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote: fulani ameingia tundu la simba. Mtoto wa darasa la tatu anauelewa, mwandishi wa habari za michezo anautumia kila wiki, na mzee wa kanisa anaufunga nao mahubiri. Ukimuuliza mtaalamu wa wanyamapori atakwambia hakuna kitu kama hicho porini.

Basi hilo tundu lilitoka wapi? Lilichimbwa na watu, na mwenye shimo alikuwa mfalme.

Shimo lenye sheria

Kwetu msemo huu umetokana zaidi na sura ya 6 ya kitabu cha Danieli. Biblia nzima ilikwisha kuwapo kwa Kiswahili cha Unguja tangu 1891 na kwa Kiswahili cha Mombasa tangu 1914, lakini iliyoenea kuliko zote ni ile ya Union ya mwaka 1952, nayo inasema Danieli alitupwa katika "tundu la simba". Kutoka hapo maneno hayo yakaingia kwenye mahubiri, kwaya na shule za Jumapili, kisha yakatoka mlangoni mwa kanisa na kwenda zake. Leo yanatumiwa na watu ambao hawajawahi kuifungua sura hiyo, Wakristo kwa Waislamu.

Wengi wanakumbuka simba na malaika. Kinachosahaulika ni kwamba hadithi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya ofisini. Mfalme Dario ameweka maliwali 120, na juu yao wakuu watatu, Danieli akiwa mmojawapo. Danieli anafanya kazi vizuri kuliko wenzake na mfalme anataka kumweka juu ya ufalme wote. Wenzake wanatafuta kosa katika hesabu zake, hawalioni. Wanaamua kumtegea pale wanapojua hatabadilika, yaani kwenye ibada. Wanamshawishi mfalme atie sahihi amri ya siku 30: atakayeomba dua kwa mungu au mtu yeyote isipokuwa mfalme, atupwe kwa simba. Danieli anasoma tangazo, anarudi nyumbani, anafungua madirisha yanayoelekea Yerusalemu, anapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Washtaki wamekwisha kujipanga.

Mfalme anapogundua kwamba ametegwa na yeye, anahangaika mpaka jua linatua akitafuta njia ya kumwokoa. Haipo. Sheria ya Wamedi na Waajemi ikishatiwa muhuri haibadiliki, hata na aliyeitunga. Yeyote aliyewahi kuambiwa dirishani kwamba "mfumo hauruhusu" anaijua hali hiyo.

Sasa lile shimo lenyewe. Maandiko hayatoi vipimo, lakini ukisoma kwa makini sehemu zake zinaonekana. Lina mdomo, na mdomo huo unazibwa kwa jiwe moja. Lina kina, kwa sababu Danieli alipotolewa alipandishwa juu, na washtaki wake walipotupwa humo pamoja na wake na watoto wao, simba waliwadaka kabla hawajafika chini. Kwa hiyo ni mahali pa kuangukia. Mtu haingii humo akitembea. Picha inayokaribia zaidi ni birika la kuvunia maji ya mvua katika nchi zile kavu: mdomo mwembamba juu, tumbo pana chini, mithili ya chupa iliyozikwa. Ukiwa ndani, kuta zinakuegemea kwa juu, na hakuna pa kukanyaga ili upande.

Jiwe likishawekwa linatiwa muhuri, na hapa ndipo msimuliaji anapoonyesha kwamba aliijua ikulu. Muhuri wa mfalme unapigwa, na muhuri wa wakuu unapigwa pia. Kwa nini miwili? Danieli hawezi kulisukuma jiwe kutoka chini, kwa hiyo muhuri haukuwekwa kwa ajili yake. Uliwekwa kwa ajili ya walio juu. Muhuri wa wakuu unamzuia mfalme asimtoe rafiki yake usiku. Muhuri wa mfalme unawazuia wakuu wasimalizie kwa mkuki kazi ambayo simba wanaweza kuikataa. Kila upande unaulinda ushahidi dhidi ya mwenzake, kama masanduku ya kura yanavyofungwa kwa lakiri mbele ya mawakala wa vyama vyote.

Gob, jubb, tundu

Sura hiyo haikuandikwa kwa Kiebrania. Kitabu cha Danieli, kuanzia aya ya 4 ya sura ya 2 hadi mwisho wa sura ya 7, kimeandikwa kwa Kiaramu, na neno la Kiaramu lililotumika kwa mahali pa simba ni *gob*: shimo, kisima, birika. Msikilizaji wa Kiswahili aliyesoma chuo cha Kurani atalitambua sikioni mara moja, kwa sababu ndugu yake wa Kiarabu ni *jubb*, neno lile lile lililomo katika Sura Yusuf, aya ya 10 na ya 15, pale nduguze Yusuf wanapokubaliana kumtupa katika kina cha kisima. Yusuf na Danieli walitupwa, tuseme, katika neno moja. Na wote wawili walitupwa na watu waliowaonea wivu, hawakupotea njia wakaangukia humo.

Watafsiri wetu wangeweza kuchagua "shimo". Wangeweza kuchagua "pango", na wapo wanaosema pango la simba hadi leo. Shimo huchimbwa na huenda chini. Pango huingia ubavuni mwa mwamba, na aliyeingia kwa miguu anaweza kutoka kwa miguu, mwenyewe akimruhusu. Tundu ni neno pana zaidi. Tuna tundu la sindano, tundu la ufunguo, matundu ya pua, na katika taarifa za elimu tunasoma kila mwaka kwamba shule fulani ina upungufu wa matundu ya vyoo. Hapo tundu ni uwazi tu. Lakini neno hilo hilo, hasa pwani, lina maana ya pili: tundu la kuku, tundu la kasuku, yaani kizimba cha kufugia. Mtu anaposema "tundu la simba", Kiswahili kinambebea maana zote mbili kwa mkupuo: shimo la kuangukia, na kizimba ambamo kuna aliyewafungia wanyama na anayewalisha.

Maana hiyo ya pili, bila shaka kwa bahati, inaipatia historia kuliko ile ya kwanza. Wafalme wa Ashuru walifuga simba. Ashurnasirpal wa Pili, aliyetawala kati ya 883 na 859 kabla ya Kristo, alijisifu katika maandishi yake kwamba alikamata simba 15 wenye nguvu na watoto wa simba 50, akawaleta mjini Kalhu na kuwatia vizimbani. Karne mbili baadaye Ashurbanipal aliipamba ikulu yake ya Ninawi kwa michongo ya uwindaji ambayo leo iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Katika mmojawapo unaona kizimba cha mbao chenye mlango wa kuinuliwa kwenda juu. Juu ya kizimba kikubwa kuna kingine kidogo, na ndani yake amekaa mtu anayeuvuta mlango, akiwa naye amefungiwa ili simba akitoka asimgeukie. Pembeni kuna safu za askari wenye ngao na mbwa, wanaozuia simba asikimbie. Mfalme anangoja kwenye gari lake na upinde. Simba anatoka kizimbani kuingia kwenye uwanja ambao kila upande wake una mtu.

Hiyo ndiyo sura ya simba iliyokuwa vichwani mwa watu wa nchi zile: mnyama wa mfalme, anayetunzwa kwa gharama za mfalme, anayefunguliwa kwa amri ya mfalme.

Na kuna jambo lingine, ambalo kwa maoni yetu ndilo tamu kuliko yote katika mkasa huu. Miongoni mwa mabamba ya udongo ya Ninawi imo barua ya mtaalamu wa mazinguo, yaani kufukuza pepo, aitwaye Urad-Gula, aliyefukuzwa kazi ya ikulu na sasa anamlilia Ashurbanipal amrudishe. Katika malalamiko yake anataja shimo la simba. Mtafiti Karel van der Toorn ameisoma barua hiyo kama lugha ya mafumbo: simba ni watumishi wenzake wa ikulu, na shimo ni ikulu yenyewe iliyomgeuka. Kama usomaji huo ni sahihi, basi msemo ulitangulia hadithi. Watu wa ofisi za Mesopotamia walikuwa wakisema "shimo la simba" kwa maana ile ile tunayoitumia leo tukizungumzia idara yenye fitina, kisha msimuliaji akaja akauchukua msemo huo kama ulivyo, akamtupa Danieli ndani yake, akaweka simba wenye makucha. Sisi tukaipokea hadithi na kuirudisha kuwa msemo. Mzunguko wa zaidi ya miaka 2,500, na bado uko palepale ulipoanzia, ofisini.

Nyayo zinazoingia

Pango la simba lina chanzo chake pembeni, nacho ni cha Kigiriki. Katika ngano zinazohusishwa na Esopo, simba amezeeka, hawezi tena kukimbiza windo, anajilaza pangoni na kujifanya mgonjwa. Wanyama wanakuja mmoja mmoja kumpa pole, naye anawala mmoja mmoja. Mbweha anafika, anasimama nje, anasalimia kwa mbali. Simba anamwita: mbona huingii? Mbweha anajibu kwamba angeingia, ila anaona nyayo nyingi zinazoelekea ndani na haoni hata moja inayotoka.

Tofauti na Danieli ni kubwa. Kule mtu anatupwa, hapa anaingia mwenyewe kwa adabu zake. Hatari ya pangoni inatoka kwenye mwaliko. Mashabiki wa Simba wa Dar es Salaam, bila kumhitaji Mgiriki yeyote, wameifupisha ngano nzima kwa maneno manne: kwa Mkapa hatoki mtu. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu wapatao 60,000, na timu ngeni inapopangiwa mechi pale magazeti hayawezi kujizuia: Mnyama, tundu, kutafunwa, kutoka salama. Klabu ilianzishwa 1936 na haikuitwa Simba mpaka 1971. Ingebaki na jina la Sunderland, waandishi wa vichwa vya habari wangelazimika kufikiri zaidi.

Matumizi mengine hayana ushabiki, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Si kila mahali pa hatari ni tundu la simba. Mteremko wa Kitonga unaua, lakini hauna mwenyewe. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na Pemba umewameza wengi, na tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Maji ya Nungwi hayana kinyongo na mtu. Ukiyaita tundu la simba unaupotosha msemo, na tena unamfichia makosa aliyepakia watu kupita kiasi. Mahali panapostahili jina hilo pana mwenyewe, mwenyewe ana sababu ya kukudhuru, na njia ya kutokea iko mikononi mwake. Mkaguzi anayetumwa peke yake kwenye halmashauri iliyopata hati chafu yuko humo. Mgombea anayefanya mkutano katika ngome ya mpinzani wake yuko humo. Shahidi anayerudishwa kuishi mtaa mmoja na aliowataja mahakamani yumo kabisa, shingoni.

Kitenzi nacho kina kazi yake. *Kuingia* tundu la simba ni kusifu kidogo: mtu alijua, akaenda. *Kutupwa* au *kutumbukizwa* ni kulaumu, na anayelaumiwa yuko nje ya tundu, ndiye aliyetupa. Wanasiasa wanaijua tofauti hii vizuri. Kiongozi akishinda atasema aliingia, akishindwa atasema alitupwa. *Kukaa* tunduni ni adimu, na husemwa kwa mshangao, juu ya mtu aliyezoea hatari hadi simba wamemzoea na wao.

Sarufi haisumbui: tundu li-, matundu ya-, kwa hiyo *tundu la simba*, au kwa mahali, *tunduni mwa simba*. "Tundu ya simba" husikika sana bara na maana inafika, lakini katika maandishi inamkwaruza msomaji. Kuna utata mmoja mdogo ambao Kiswahili kimeuacha wazi: *simba* haibadiliki katika umoja na wingi. Katika Danieli simba ni wengi, na waombaji dua huwataja wengi. Mtaani kila mtu anamwona mmoja, mkubwa, mwenye manyoya ya shingoni. Ukitaka wingi uonekane itabidi uulete kwenye kitenzi.

Majirani wa msemo huu wasichanganywe nao. Aliye kinywani mwa simba, kama Paulo anavyosema katika Timotheo wa Pili 4:17 kwamba aliokolewa humo, tayari ameguswa na meno. Aliye tunduni bado ana usiku mzima mbele yake. Aliyetia mkono mzingani amejitakia, kwa sababu nyuki walikuwa wametulia. Na aliyekanyaga mkia wa nyoka hakuwa na habari. Hizi ni hatari nne tofauti, na mzungumzaji mzuri hachukui tu ile ya kwanza inayomjia mdomoni.

Simba mwenyewe anakaa wapi

Turudi porini. Simba hupumzika takriban saa 20 kati ya 24, na hufanya hivyo popote penye kivuli, upepo na uwezo wa kuona mbali kidogo. Anayekaribia kuwa na kitu cha kuitwa tundu ni jike anayezaa. Hubeba mimba kwa siku 110 hivi, kisha hujitenga na wenzake na kuzaa kwenye kichaka kizito, matete au katikati ya mawe, mara nyingi watoto wawili hadi wanne. Huwaficha kwa wiki sita hadi nane kabla ya kuwapeleka kwa kundi. Na hata hapo hakai mahali pamoja: kila baada ya siku chache huwabeba kwa ngozi ya shingo, mmoja mmoja, hadi maficho mapya, kwa sababu harufu ikikolea fisi na chui wataifuata. Tundu lenye mifupa iliyorundikana mlangoni ni la fisi. Kwa haki, msemo ulipaswa kuwa wake.

Afrika Mashariki ina pango moja lililowahi kuitwa hadharani makazi ya simba wala watu. Mwaka 1898 simba dume wawili wasio na manyoya ya shingoni waliwavamia wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli Tsavo. Mhandisi J. H. Patterson alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili siku 20 baadaye. Kisha akaripoti kwamba amegundua pango lenye mifupa ya watu, akaamini kuwa ndilo tundu lao. Ilikuwa hadithi iliyokamilika mno: wauaji, wahanga, na nyumba ya wauaji. Pango lilipopatikana tena 1997, watafiti walilitazama kwa macho mengine. Simba hawarundiki mifupa pangoni. Wataita, kwa upande wao, walikuwa na desturi ya kuhifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango, na maelezo ya mazishi yanaingia akilini kuliko ya karamu. Yaelekea Patterson alibeba tundu la simba kichwani kutoka kwao, na alipoona pango akalitia humo.

Hata idadi ya waliouawa ilivutwa na ukubwa wa hadithi. Patterson alifikia 135. Uchunguzi wa kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hao, waliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ulikadiria mwaka 2009 kwamba walikula watu wapatao 35, kiasi cha 24 kwa mmoja na 11 kwa mwingine. Sababu zilizotajwa ni za kawaida na za kusikitisha: sotoka iliyokuwa imefagia nyati na ng'ombe miaka ya 1890, jino lililovunjika na kuoza mzizi la simba mmoja, na kambi zenye mamia ya watu waliolala kwenye mahema nyuma ya boma la miiba. Boma hilo lilikuwa udhaifu kuliko ulinzi. Miiba humzuia simba anayekimbia, lakini anayenyata hutafuta upenyo, na akishaingia, aliyelala ndani hana pa kutokea. Wafanyakazi walijichimbia tundu, simba akaja kwao.

Hali ni ile ile katika takwimu za karibuni zaidi. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wakiwa mikoa ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara, pamoja na Rufiji. Waliotafuta mahali pa hatari hawakukuta mapango. Walikuta mashamba. Mlolongo wenyewe ni huu: wanyama wakubwa wanapopungua, anayebaki ni nguruwe pori, kwa sababu anastawi penye mihogo, mahindi na mpunga. Nguruwe anakuja shambani usiku. Simba anamfuata nguruwe. Mkulima, ili asipoteze mavuno, anahamia shambani kati ya Machi na Mei na kulala kwenye dungu la miti na makuti, au kibanda ambacho ukuta wake mtu anaweza kuupasua kwa mkono. Anayekuja kumwinda nguruwe anakuta kitu kinachokimbia polepole kuliko nguruwe. Wengine hukamatwa njiani wakirudi nyumbani jioni, wengine wakienda chooni kwa sababu choo kiko mbali na nyumba, na watoto wakicheza uani giza linapoanza kuingia.

Ndiyo maana ushauri unaotolewa vijijini unamhusu nguruwe kuliko simba: kuzungushia shamba mtaro ambao nguruwe hauvuki, kulima mashamba yakiwa yameshikana ili walinzi wawe wengi, kusuka kuta za dungu kwa miti minene na kuweka mlango unaofungika kwa ndani, kutotoka peke yako. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama" husemwa kuwasifu wavumilivu, lakini kusini ni maelezo ya jinsi watu wanavyochukuliwa: hakuna mngurumo unaotangulia.

Na kuna mwezi. Kumbukumbu za mashambulizi nchini Tanzania kati ya 1988 na 2009 zinaonyesha kwamba mengi hutokea kabla ya saa nne usiku, na kwamba katika siku kumi za kwanza baada ya mwezi mpevu saa hizo za jioni huwa hatari mara mbili hadi nne zaidi. Mwezi ukishapevuka huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku ya nne unachomoza karibu saa tatu na nusu, kwa hiyo tangu magharibi hadi hapo ni giza tupu, na watu bado wako nje: wanapika, wanaoga, wanakwenda kwa jirani. Simba ametoka kwenye usiku kadhaa mweupe ambao windo lilikuwa likimwona kutoka mbali. Ana njaa, giza limerudi, na dungu liko palepale lilipokuwa jana.